Mawe ya Serafina Katikati ya Viti vya Wageni

Asubuhi ile Serafina alipika uji wa mtama, akamwekea mumewe kwenye bakuli la bati, kisha akafunga kanga mbili kikapuni.

"Unakwenda tena kisiwani," Wilbard alisema.

"Kila Juni nakwenda, Baba Vaileth. Leo ndiyo unashangaa?"

"Msalimie Donatus."

"Zimefika. Kunywa uji, umenuna mpaka unapoa."

Akaondoka anacheka. Siku ya nne alirudi na homa. Jumapili wakamzika hapo hapo kijijini, Kharumwa.

Wilbard alikuwa mkulima, mtu wa nchi kavu. Mtumbwi hakuwahi kuupanda. Kile kisiwa alikionea wivu kama mtu anavyomwonea mwanamume mwenzake, kwa sababu Serafina, Mzinza aliyezaliwa huko, akikisimulia uso wake ulirudi usichanani.

Zamani, alisema, palikuwa na vibanda vinane vya nyasi na wavuvi. Wanawake walianika dagaa mchangani. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, kakizungushia mawe. Asiyeanika mwaka mzima, mawe yake yaling'olewa, jirani akachukua. Halafu wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu wakaanza kuja Jumapili kuogelea na kula samaki. Soda zikafuata, na muziki. Mwishowe tajiri mmoja, Marselino, akajenga vyumba kumi na viwili, akapanga viti vya kulalia vya kukodisha chini ya miavuli. Wanawake wakamuuzia mchanga, mmoja baada ya mwingine.

Serafina alikataa. Kipande chake kikabaki katikati ya viti, kimepakana na cha Donatus, mvuvi aliyemchumbia kabla Wilbard hajatokea. Donatus naye hakuuza.

Wawili wameng'ang'ania mchanga, wa nini? Wilbard alijiuliza kila Juni, akajijibu vibaya kila Juni. Dagaa alioletewa hakuwagusa. Aliwagawa kwa majirani, mkewe akiona.

Arobaini ilipopita alipanda mtumbwi wa injini, ameshika ubao kwa mikono miwili, macho kayafumba. Nia yake ilikuwa moja: kuyang'oa yale mawe ayatupe ziwani, Donatus asirithi hata moja.

Donatus alimkuta amechutama mchangani, jiwe la kwanza mkononi. Wageni waliinuka kwenye viti kutazama.

"Wewe ndiye Baba Vaileth."

"Na wewe ndiye Donatus. Nilidhani una sura nzuri kuliko hiyo."

"Ilikuwepo. Jua limeila." Donatus akavua kofia. "Pole kwa msiba, mzee mwenzangu. Sasa rudisha jiwe."

"Ni la mke wangu."

"Ndiyo maana nasema rudisha."

"Ili uchukue wewe?"

"Ningetaka ningechukua. Juni hii alikuja miguu imemvimba, hata kuinama hawezi. Nikamwambia, Serafina, inatosha, ng'oa mawe upumzike, mchanga nitautunza mimi. Alinikaripia mbele ya wageni kama hawa."

Wilbard hakuliachia jiwe. Lilikuwa na joto la jua.

"Alisemaje?"

Donatus akachutama naye, upande wake wa mpaka, akayatoa maneno kama alivyoyapokea:

"Usiyaguse mawe yangu, Donatus. Mzee wangu siku moja atachoka kuona wivu, atakuja mwenyewe, na mtu yule hakai kwenye kiti cha kukodi."