Saa Inayojua Nyumbani

Binti yetu alipopiga simu kutoka Doha kuniuliza kama saa ya baba yake iwe na ramani au isiwe nayo, nilikuwa napepeta mchele. Nikamwambia, "Mwanangu, baba yako hata saa ya ukutani siku hizi haimwambii kitu." Akacheka kidogo, nikajua nimemuumiza. Basi nikamwuliza kwa upole hiyo ramani ni ya kazi gani.

Akanieleza. Ziko saa mbili za wanariadha, zinafanana kama mapacha. Moja inahesabu mapigo ya moyo, na ukipotea inakupa mshale na mstari mtupu urudi ulikotoka. Ya pili, ghali zaidi, ina ramani nzima tumboni mwake, barabara na mito na vichochoro, hata uwe huna simu wala mtandao. Ukigusa palipoandikwa Nyumbani, inakuchorea njia mpaka mlangoni. Wageni aliokuwa akiwahudumia Diani kabla hajaenda Uarabuni walikuwa wakibishana juu ya jambo hilohilo wakati wa chai ya asubuhi, kama ramani ya mkononi ina maana au ni kujitia hasara tu. Wao walikuwa na haja ya kukimbia bila kupotea. Sisi haja yetu ilikuwa mtu arudi.

Maana mzee wangu alikuwa ameanza kupotea. Alikuwa mpishi wa hoteli, mtu wa kusimama na kutembea, hajui kukaa kitako. Alianza kwa kutia chumvi mara mbili, nikanyamaza nikala. Kisha siku moja akaipoteza njia ya msikitini, hapa hapa Msambweni, akaletwa na mwadhini kamshika mkono. Daktari akasema ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa ya kuuondoa, lakini tumwache atembee, kutembea kunamfaa. Shemeji zangu nao walikuja kumtazama, wakanywa chai yangu, wakatoa shauri lao: funga lango. Nikanunua kufuli Ukunda, nikalitia kabatini chini ya leso zangu.

Binti aliposikia habari za kufuli alilia. "Mama, ukimfungia baba atakufa huku amesimama." Na mie nikalia, kwani nani alimwambia mimi napenda? Nilikuwa nikimfuata nyuma kila atokapo, jua la saa sita kichwani, magoti haya yakinipigia kelele, na nikirudi nakuta sufuria imeungua. Nilikuwa nimechoka, wallahi, mpaka usingizi wenyewe nao ukanichoka. Tukaafikiana hivi: saa ije. Akipotea tena akiwa nayo, basi, kufuli litakwenda langoni. Mzee mwenyewe alikuwepo, akaitikia "haya," kisha akasahau.

Saa ikaja karibu na Idi, ndani ya sanduku la mwenzake aliyekuwa anarudi likizo. Nyeusi, nzito, inamjaa mkono mzima. Aliipenda! Aliwaonyesha watu mpaka nikaona haya. Binti akapiga simu ya video, nikaishika simu, akamwelekeza baba yake namna ya kuweka alama ya nyumbani kwenye ile ramani. Daktari alikuwa amesema tusimfanyie analoliweza, kwa hivyo nikakaa nikatazama. Akawa anaivuta ramani kwa kidole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Umeweka nyumbani, baba?"

"Nimeweka."

"Kweli?"

"Ala! Mimi nisijue nyumbani?"

Tukacheka sote watatu. Binti akafurahi, mie nikafurahi, na hakuna aliyesema hebu tuone.

Tukaanza kupumua. Alikwenda msikitini akarudi, alikwenda sokoni akarudi, sasa kama ni saa au ni miguu iliyozoea, sikuuliza. Nikaanza kulala mchana, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau ladha yake. Jirani yangu, aliyezaliwa huko Shimba Hills kwa wazee waliotoka Machakos, akaniuliza kama ile ramani ina faida yoyote au ni pambo. Nikamwambia, dada, Mgala muue na haki yake mpe, nimelala.

Kumbe nimelala kweli.

Siku hiyo alitoka baada ya chai, kavaa shati lake jeupe na kofia ya viua, saa mkononi. Adhuhuri ikaadhiniwa, hajarudi. Nikenda msikitini, hayupo. Sokoni, hayupo. Nikampigia binti, nikamwambia fungua hiyo mitambo yako unionyeshe baba yako yuko wapi.

"Mama, ile haionyeshi. Labda awe amebeba simu."

"Hana simu! Unajua hapendi simu!"

"Basi saa inamwonyesha yeye tu."

"Yaani ramani inamwambia yeye alipo, na mimi ninayemtafuta hainiambii? Sasa ni ramani ya nini hiyo?" Nilipiga kelele pale njiani mpaka watu wakageuka. Mtoto wa watu kazini kwake ugenini, nikamkatia simu.

Nikafika stendi. Mama mmoja anayeuza mahamri, tunajuana, akaniambia, "Mzee wako? Amepita hapa tangu asubuhi, anatazama saa yake. Nimemwamkia, nikamwuliza safari ya wapi, kasema anakwenda nyumbani. Nikamwambia haya, wasalimu."

"Kama anakwenda nyumbani mbona hajafika?"

Yule mama akanishangaa. "Si kwao Majoreni?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Maana huku kwetu nyumbani si pale unapolala. Pale unapolala ni unapokaa. Nyumbani ni kwenu, kilipozikwa kitovu chako. Yule jirani yangu hajawahi kulala Machakos hata siku moja, lakini mwulize nyumbani ni wapi, atakujibu Machakos. Na mie nikiulizwa nasema Kwale, kule juu mlimani, na nyumba ya baba yangu ilikwisha kuanguka zamani. Binti aliuliza nyumbani, baba yake akajibu kwa haki. Akakivuta kidole chake mpaka kusini, upande wa Vanga, akaweka alama kijijini kwao, penye makaburi ya wazee wake. Saa haina kosa. Ilikuwa inampeleka alikosema.

Nikachukua tuktuk. Na kila tulipopunguza mwendo kuuliza, jibu ni moja. Kapita. Kasema anakwenda nyumbani. Muuza madafu alimpa dafu la bure kwa sababu mtu anayerejea kwao ni mtu wa heri. Mzee mwingine alituambia, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," na akatabasamu kama kwamba ametupa habari njema. Hapana hata mmoja aliyemzuia. Wangemzuia kwa lipi? Angesema amepotea, wangemshika. Yeye alikuwa anasema nyumbani.

Ndani ya tuktuk nilikuwa naogopa, lakini zaidi ya kuogopa nilikasirika, na nitasema hivyo hivyo. Nyumba ile ya Msambweni nimeipaka chokaa kwa mikono yangu. Nimezaa ndani yake. Nimemwosha, nimemlisha, nimemfuata juani kama kivuli, na kumbe moyoni mwake pale ni mahali anapokaa tu. Nikasema leo akipatikana, kufuli langoni, na nisisikie la mtu.

Tukamkuta kabla ya daraja la Ramisi. Anakwenda pembeni mwa barabara polepole, mgongo umelowa, mkono kauinua mbele ya macho. Nikashuka. Nikamwita. Akageuka, akanitazama vizuri, kisha akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Mume wangu. Ananiamkia kama mama wa watu aliyekutana naye njiani. Nikaitika marahaba, ningefanyaje?

"Unakwenda wapi, mwanangu?" nikamwuliza, maana ndivyo lilivyotoka.

"Nyumbani, Majoreni. Si mbali." Akanionyesha ramani. Kweli, mstari ulikuwa pale, umenyooka kuelekea kusini, na bahari kando yake rangi ya buluu.

"Kuna nini nyumbani, mbona mbio hivyo kwenye jua?"

Akaona haya. Wallahi aliona haya, mtu mzima yule, akatazama viatu vyake. "Nimepata mchumba," akasema. "Msichana wa Kwale, huko juu. Nataka kumwambia mama atoe washenga waende wakaniposee. Siwezi kujipeleka mwenyewe kama mtu asiye na kwao. Watamdharau yule msichana."

Mama yake tulimzika zamani, hapo hapo Majoreni, na mie nilipika matangani. Sikulisema hilo. Hasira yote niliyoibeba kwenye tuktuk ilinitoka, na nilivyochoka nikaona bora niketi pale pale kwenye majani. Lakini magoti haya nikikaa chini siinuki, basi nikabaki nimesimama.

"Posa imeshakubaliwa," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Mwenyewe kasema."

"Bila washenga?" Akanikunjia uso, maana adabu ni adabu.

"Washenga walikwenda. Mjomba wako aliwaongoza. Wakakaribishwa, wakala halua, wakanywa kahawa, wakajibiwa ndiyo." Na yote niliyosema ni kweli tupu. Nilikuwa nyuma ya pazia siku ile, nikisikiliza vikombe.

Akafikiri sana. "Kwa hivyo ananingoja?"

"Anakungoja. Na amechoka kungoja."

"Basi twende, mama. Si vizuri." Akaingia kwenye tuktuk mwenyewe, akaifuta saa kwa ncha ya shati, akaivaa kofia yake vizuri. 

Shemeji zangu wakapiga simu jioni hiyo hiyo. Mkubwa wao akasema, "Unaona sasa?" Nikamwambia naona, shemeji, macho ninayo. Nikalitoa kufuli kabatini, nikaliweka mezani. Kisha nikampigia binti, nikamweleza yote. Akawa analia, anajilaumu, anasema ataniongoza niifute ile alama ya Majoreni niweke hapa petu, jambo dogo. Nikamwambia, usimfutie mtu kwao. Niongoze namna ya kuongeza alama ya pili. Nikasimama mlangoni pangu na ile saa mkononi, nikagusa anavyoniambia, na ilipouliza jina la mahali, sikuandika nyumbani. Niliandika Kwa Mchumba.

Sasa kila asubuhi baada ya chai namfundisha. Ukitaka kwenda nyumbani, ni hapa. Ukitaka kwenda kwa mchumba wako, ni hapa. Anasikiliza sana, anatikisa kichwa, kesho yake tunaanza upya. Siku nyingine ananijua, ananitania ati nimejiandika mchumba uzeeni. Siku nyingine ananiita mama.

Jana alitoka peke yake. Mie nikaketi uani nyuma ya lango, kufuli mapajani, na funguo zake. Nilijiambia alasiri ikiadhiniwa hajarudi, nalifunga, atakaporejeshwa atarejeshwa ndani ya kufuli, na binti yangu anisamehe. Mwadhini akaadhini. Nikahesabu tasbihi, nikaimaliza, nikaianza tena. Nikainuka, maana maneno niliyojiwekea niliyajua.

Nikasikia viatu. Vikasimama. Nikachungulia kwenye upenyo wa bati, nikamwona anatazama saa, anatazama nyumba, anatazama saa. Akajipangusa vumbi. Akafunga kifungo cha shati cha juu kabisa, kile ambacho hakifungi ila siku ya Idi. Lango lake mwenyewe, alilolitundika kwa mikono yake, na hakulisukuma.

"Hodi," akasema.

Nimechoka, watu wangu, siwafichi. Nikalitia kufuli kifuani ndani ya leso, nikajitanda vizuri.

"Karibu," nikamwambia.