Usimuulize Ana Rendia Wangapi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mkunga katika hospitali moja ya Maskati, na zamu zangu nyingi nilipangwa na mkunga mwenzangu kutoka Norwe, mrefu, mpole, mashavu yamewiva kwa jua. Siku moja, tukinywa chai, akaniambia kuwa yeye hasa ni Msami, watu wa kaskazini kabisa, na kwamba kwao wanafuga rendia. Ni mnyama kama kulungu, mwenye mapembe mfano wa matawi makavu. Majira ya baridi hukaa naye bara, ya joto humfuata mpaka pwani, na kila mwaka ni hivyo hivyo.

Nikamhadithia mama. Mama, mzaliwa wa Unguja, alikuwa na udadisi wa kuutosha mtaa wetu mzima wa Khuwair ya Kusini.

"Mlete Ijumaa," akasema. "Mabedui nnawajua. Bedui wa kwenye barafu sijapata kumwona."

Akaja. Mama akampakulia biriani, akamwacha ale kidogo, kisha akaniambia, "Muulize, babaake ana rendia wangapi?"

Mwenzangu alikwisha kunieleza kazini kuwa kwao swali hilo haliulizwi. Ni sawa na kumtia mtu mkono mfukoni. Nikajitia kunywa maji. Mama akaona namchelewesha, akamgeukia mwenyewe kwa Kiingereza chake cha kuokota: "Hau meni?"

Mgeni akacheka hata akaweka kijiko chini. "Wako upande huu wa mti," akajibu kwa Kiingereza, "na upande wa pili pia wako."

Nikafasiri. Mama akamkazia macho. "Ala! Mjanja huyu. Nimempenda."

"Na wewe ukiulizwa una wajukuu wangapi," nikamwambia, "si husema 'Alhamdulillahi, wapo'?"

"Hilo jengine. Wajukuu nawaogopea husuda."

"Rendia hawahusudiwi?"

Mama akanitilia achari ambayo sikuiomba.

Ilipokuja kahawa na halua, mgeni akatusimulia habari za bibi yake, aliyekuwa akimwaga tone la kahawa kando ya moto hemani. Lilikuwa la mama asiyeonekana, anayekaa chini ya mafiga na kuwalinda wanawake wanaojifungua.

"Astaghfirullah!" mama akasema, huku anajisogeza karibu apate kusikia vizuri. Baadaye akaongeza, taratibu, "Hata kwetu walikuwako waliokuwa wakipeleka ubani na halua mapangoni. Si sisi. Majirani."

"Majirani gani, mama?"

"Wamekwisha kufa."

Mgeni akaendelea. Kwao, wakati wa baridi, mianga ya kijani hucheza mbinguni, na mtoto hukatazwa kuipigia mluzi, isije ikashuka ikamchukua. Hapo mama akanigeukia kama aliyeshinda kesi.

"Umesikia? Tangu u mdogo nakwambia usipige mluzi ndani ya nyumba kukiwa na giza, ukaniita mshamba. Mpaka barafuni wanajua!"

Wakapendana. Ijumaa nyingine zikafuata, na mimi nikawa mkalimani wa bure. Mkataba wake ulipokaribia kwisha, mgeni akamkaribisha mama kwao, aje wakati majani yanapochipua, wahame pamoja. Mama alifurahi sana, akataka kujua mambo.

"Tutalala wapi?"

"Hemani."

"Chini?"

"Juu ya vitawi vya miti na ngozi za rendia. Laini kabisa."

"Na choo?"

Mgeni akanyoosha mkono, akauzungusha pande zote, uso umejaa fahari, kama anayeonyesha shamba la urithi.

Mama akaufuata mkono ule kwa macho, pande zote. "Mwambie nashukuru sana," akasema. "Mie nimehama mara moja tu, kutoka Unguja kuja hapa, na mgongo unaniuma hata leo."

Lakini majirani aliwaambia kuwa amealikwa, na kwamba mimi ndiye niliyemkataza kwenda.