Mkolani Haihami

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, Mama Kabula wa Buhongwa alipoingia maabara na kichupa cha mafuta ya mchaichai aliyoyakeneka mwenyewe kwa mvuke. Mnunuzi wake alitaka kwanza tuthibitishe kuwa ni halisi. Mimi wakati huo nilikuwa mpimaji pale, kijana wa sokoni hasa. Hata chenji ya nyanya niliihesabu mara mbili.

Mashine yetu ilipitisha mafuta kwenye mrija mwembamba mrefu, kila kilichomo kikatoka kwa wakati wake. Wiki ile nilikuwa nimekata ncha ya mrija iliyochafuka. Ukishaugusa mrija, kanuni ni kupitisha upya haidrokaboni za kupimia, zile zinazotoka kwa mpangilio wa kaboni zake: kumi, kumi na moja, kumi na mbili na kuendelea. Nikaona ni kuchoma gesi bure. Nikatumia dakika za zamani, zilizoandikwa kabla sijaukata. Kile kiini kinachoupa mchaichai harufu yake hakikutoka kwa dakika yake. Nikarudia, vilevile.

“Mama, haya yamechanganywa.”

“Baba, majani nimeyakata kwa mkono huu!”

“Mashine haina shangazi, mama.”

Mnunuzi akaondoka.

Mzee Masalu, mkuu wetu, aliporudi likizo alipitisha haidrokaboni, kisha mafuta yale. Kiini kikasimama mahali pake, kati ya ile ya kaboni kumi na mbili na ya kumi na tatu.

“Wewe ukienda Mkolani unashuka kwa kuangalia saa?” akaniuliza. “Gari likimbie, lijivute, Mkolani iko kati ya Nyegezi na Buhongwa. Umefupisha mrija, vyote vikawahi pamoja. Uliza vituo, bwana!”

“Lakini mzee, nilipima mara mbili.”

“Ukamuuliza mwongo yuleyule mara mbili.”

Nikaenda Buhongwa na cheti sahihi. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama Kabula alishauza pipa la kukenekea.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Karibu chai.”

Ilikuwa ya mchaichai. Sijapata kunywa kitu kichungu vile, na sukari ilikuwemo.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekataa kurudi kwao.

Basi, mwanangu, kabla hujamwita mtu mwongo, kihoji kwanza kipimo chako kwa kitu unachokijua. Kurudia si kuhakiki. Mungu akujalie mkono mwepesi na ulimi mzito, na kila njia uipitayo akuoneshe vituo vyake.