Mkono wa Baba Begani mwa Terry

Jiko letu la Wembley lilinuka risasi ya kulehemu kabla ya kunuka kitunguu. Jumapili asubuhi, mama hajaweka hata sufuria motoni, baba alikwisha kupasha moto chuma chake cha kulehemu, na moshi ule mwembamba wa kukereketa koo uliingia mpaka kwenye makoti yetu yaliyotundikwa nyuma ya mlango. Shuleni watoto wa Kizungu waliniambia nanuka bizari. Waongo! Nilinuka risasi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka na watu wanaodhani kwamba sisi Wahindi wa Afrika Mashariki tulikuja London na magunia ya pilipili tu, tukafungua maduka, na muziki wa mji huu ukapigwa na wengine sisi tukiwa tumesimama nyuma ya kaunta.

Tulitoka Mombasa mwaka 1968, pale wenye pasipoti za Kiingereza walipokuwa wakigombania viti vya ndege kabla serikali ya huku haijatufungia mlango. Nilikuwa na miaka tisa. Nyumbani tulisema Kikachi, lugha ya wazee wetu wa Uhindini, na Kiswahili, na mama na baba wakigombana kilikuwa Kiswahili kitupu. Baba yangu, Yusuf, alikuwa fundi wa redio mtaani Mwembe Tayari, na hakuwa fundi wa kubahatisha. Vipuri vya kutoka Ulaya vilichukua miezi kufika, kwa hiyo alizoea kujitengenezea kile ambacho wenzake walikisubiri. Transfoma ikiungua aliifungua, akautoa waya ulioungua, akazungushia mpya kwa mkono, mzunguko mmoja mmoja, mamia kwa mamia. Kazi hiyo ilihitaji mtu wa pili wa kuhesabu kwa sauti, na mtu huyo alikuwa mama yangu, Rukia. Baba akizungusha waya, mama akisukuma chapati na kuhesabu: mia mbili na kumi, mia mbili na kumi na moja. Ole wako uwasemeshe.

London walimpa ufagio. Walimwambia cheti chake cha Mombasa hakijulikani huku, wakampeleka kiwandani kufagia chini ya mashine ambazo angeweza kuzifungua na kuzifunga amefumba macho. Hakulalamika mbele yetu. Lakini kila redio mbovu iliyotupwa mtaani ilikuja nyumbani kwetu, na mama alipika akiwa amebakiwa na nusu ya meza.

Ghorofa ya chini aliishi kijana wa Kiingereza, Terry, mwenye nywele za kufika mabegani. Yeye na wenzake wawili walipiga bluzi na roki kwenye ukumbi ulio nyuma ya baa ya mtaa wetu. Siku moja amplifaya ya gitaa lake ilikufa, dukani wakamwambia aitupe. Baba alimkuta ameibeba anaipeleka jalalani. "Wewe! Lete hapa," akamwambia kwa Kiswahili, na Terry, Mungu amjalie, aliitii sauti hata kama hakuyajua maneno. Jumapili iliyofuata baba alikaa kuzungusha waya wa transfoma yake iliyoungua, mama kwenye chapati zake anahesabu, mimi na Terry tumebanwa kwenye kona tunapumua polepole. Walipopita mia nne, maziwa yakafurika jikoni. Mama akaruka kuyaokoa, na aliporudi hesabu ilikuwa imempotea. Baba akakisia. Mama akaapa kwamba amekisia vibaya.

Na kweli alikisia vibaya. Terry alipochomeka gitaa, sauti ilitoka nene, ya kukwaruza, yenye kunguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Baba aliona aibu, akanyoosha mkono aifungue upya. Terry akalikumbatia lile sanduku kwa mikono miwili, akapiga kelele asiliguse. Baada ya hapo watu walikuja kutoka Kingsbury, hata Tottenham kule mbali, kuisikia sauti hiyo, na wapiga gitaa wengine wakapandisha amplifaya zao ngazini kwetu, kila mmoja akitaka afanyiwe kosa lile lile. Mama alicheka mpaka machozi. "Yaani sasa kila Jumapili nimwage maziwa?" Jumapili alasiri baba alikwenda ukumbini na chupa yake ya chai, akakaa karibu na mitambo. Kwenye mji huu wote, pale tu ndipo walipomwita fundi.

Mpiga picha mmoja aliwapiga picha hapo, wanne wamesimama mbele ya kaunta, chupa za pombe zimejipanga nyuma yao, na baba ameweka mkono begani mwa Terry. Ilitolewa nakala moja tu, na Terry akamwazima baba tuiweke juu ya redio kwa muda. Kisha ikaja barua kwamba bibi, mama yake baba, amepata ruhusa ya kuja. Bibi yetu alikuwa mtu wa kufungua kila droo ya nyumba, na alikuwa hapiti hata upande wa barabara wenye baa. Mama alishikwa na homa. Akanipa mkasi wake wa kushonea. "Mtoe baba yako hapo. Bibi akimwona mbele ya chupa zile anarudi na ndege ile ile. Kipande kinachobaki tumrudishie Terry, ni mali yake."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikakata kwa uangalifu, ulimi nje, nikifuata nywele za baba, sikio, bega. Mkono tu ulinishinda, maana kuutoa ningemharibu Terry shingo. Nikauacha. Nilijiona fundi mwana wa fundi. Jioni baba aliiangalia kazi yangu muda mrefu, akaniambia, "Umekata vizuri, mwanangu." Kipande chake kikawekwa ndani ya kopo la biskuti chini ya nyuzi za mama. Bibi alikaa kwetu hadi kufa kwake, na baba hakukanyaga tena ukumbini.

Mwaka huu nikasikia kwamba kamati ya urithi itaweka kibao pale ilipokuwa baa, kuwaenzi waliozaa bluzi na roki ya mtaa wetu. Nikawaandikia habari za baba. Wakanijibu kwa adabu kwamba wamepekua picha zote na jina hilo halimo wala sura hiyo haionekani. Haionekani! Niliitupa barua ukutani, halafu nikalia, maana nilimjua aliyeiondoa.

Nikaenda kwenye maonyesho yao na mjukuu wangu Zahra, ambaye anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Picha ile ilikuwa imekuzwa ikajaa ukuta. Chini yake wameandika kuhusu mngurumo aliobuni Terry. Lo, alibuni! Pembeni ulionekana mkato wa mkasi wangu, na begani mwa Terry vidole vya baba, vikubwa kuliko mkono wangu mzima, na alama ya kuungua kwenye kidole gumba. Zahra akamuuliza mama mmoja wa kamati aliyesimama pale ni mkono wa nani. Haijulikani, akasema, labda shabiki.

Shabiki! Nilifungua mkoba, nikatoa kipande kutoka kwenye kopo la mama. Yule mama wa kamati akakitazama kwa huruma, akasema ni kizuri mno, lakini maandishi yamekwisha kuchapwa, nimtumie barua pepe. Nikachomoa pini ya mtandio wangu nikambandika baba mahali pake. Alikuwa mdogo kuliko kidole chake mwenyewe. Nikamwomba Zahra kalamu, nikaandika kwenye ukuta wao mweupe: Yusuf, fundi. Rukia, aliyehesabu. Mama wa kamati akanishika mkono, akasema naharibu maonyesho.

Nikamwambia niliyaharibu nilipokuwa na miaka kumi na moja, na leo nayatengeneza.