Udongo Juu ya Kifua

Kiwanda cha nguo cha mjini kilipouzwa, mjomba wangu, aliyekuwa fundi mitambo, alipunguzwa kazini. Akarudi kijijini kwetu, juu katika Uluguru, na mashine ya kusaga iliyokwisha tumika, akaiunga na umeme wa mtambo mdogo wa maji wa misheni. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nikiamini kwamba msomi asiyewafaa watu wake amesoma bure. Nikamweleza kwamba chuma cha mashine kilihitaji waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Akacheka, akanijibu:

"Mjomba, mimi nilianza kupigwa na umeme kabla hujazaliwa."

Alasiri moja ya manyunyu, nikiwa peku, niliegemeza kiganja kwenye chuma kile.

Sikusikia maumivu kwanza. Ulinijia mtetemo, kana kwamba kijito chote kimebadili njia na kupita katika mkono, kifua na nyayo zangu. Nilitaka kuachia. Nilijua hata sababu ya kushindwa: misuli hupokea amri za ubongo kwa umeme hafifu sana, na sasa umeme mwingine ulikuwa ukiamuru kwa nguvu zaidi, na misuli inayokunja vidole huishinda ile inayovikunjua. Niliyajua yote hayo, na vidole vikazidi kukaza. Pumzi ikakwama. Ukungu uliingia mlangoni polepole, na wanawake wenye ndoo za mahindi wakaonekana kuelea.

Mjomba akazima swichi kuu. Nikaanguka.

Kijijini kwetu aliyepigwa na radi au umeme hufukiwa hadi shingoni katika udongo mbichi, ili ardhi inyonye moto uliobaki mwilini. Hakuna moto unaobaki. Mkondo ukikatwa umekwisha. Kinachobaki ni misuli iliyochoka na moyo unaotafuta mapigo yake. Lakini ulimi haukunitii. Mjomba na wale wanawake wakanilaza katika mfereji kati ya matuta ya kabichi, na mama akaanza kunifukia kwa mikono yake, akiniita kwa jina la utotoni. Udongo ulikuwa laini, ukinukia mvua. Kila alipoongeza, pumzi ilipungua. Niliiona milima ikipanda na kushuka mahali pa kifua changu, nikawaza, kwa utulivu wa ajabu, kwamba nilikuwa nikiuawa na watu wanaonipenda.

Mama aliinama kunifuta uso. Nikakusanya pumzi iliyobaki.

"Mama. Toa udongo kifuani."

Mjomba akamwambia asisikilize, kwamba ule ulikuwa moto unaosema. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Sikuwahi kumwona mama akimpinga mbele za watu.

"Anayesema ni mwanangu," mama alijibu, na akaanza kufukua.

Hewa iliingia baridi, kidogo kidogo, kama maji yanayorudi mferejini. Mama akauliza kwa woga kama miguu nayo aifukue. Nilijua udongo wa miguuni hauponyi wala haudhuru. Nikamwambia aiache, naye akaketi kando yangu, akiushindilia taratibu kwa viganja.