Bi Laini na Namba za Wapangaji

Ukimtajia namba ya simu, alifumba macho. Aliirudia kwa sauti, tarakimu mbilimbili, kama mtu anayepanga viatu mlangoni, kisha akaipiga palepale na kusubiri hadi aisikie ikilia mfukoni mwako. Isipolia, hukuwa umempa kitu. Tabia hiyo aliianza ujanani, alipokuwa akiunganisha simu kwenye ubao wa hospitali kubwa, ambako tarakimu moja ikikosewa, habari ya msiba humfikia asiyefiwa. Alistaafu, akazeeka, macho yakaanza kufifia, tabia ikabaki. Jengo zima likamwita Bi Laini, na jina lake la kweli likabaki kwenye kitambulisho.

Aliyemwandikia namba hizo alikuwa mkwewe, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, karani wa maktaba ya chuo. Alikuwa mkimya, mwenye mazoea ya kusimama dirishani akitazama nguo za watu asiowajua zikikauka kwenye kamba za jengo la pili, akijiuliza shati lile ni la nani na kwa nini siku hizi liko peke yake. Mumewe, mtoto wa pekee wa Bi Laini, alifanya kazi mbali na kurudi kwa nadra. Wanawake hao wawili walikuwa wamebakiana.

Kazi ya kukusanya namba ilizaliwa na maji. Mpangaji mmoja wa ghorofa ya tatu alisafiri akaacha bomba wazi, siku ambayo maji yalikuwa yamekatika. Yaliporudi, yalijaza sinki, yakamwagika, yakashuka hadi kwenye godoro la dereva wa ghorofa ya pili, na hayakuishia hapo. Watu walisimama mbele ya mlango uliofungwa wakitazamana. Hakuna aliyekuwa na namba ya mpangaji yule.

Mwenyekiti wa wapangaji, muuza matairi ambaye hata salamu aliitoa kama anaita wateja, akabandika karatasi ngazini: jina, mlango, namba ya simu, namba ya mtu wa karibu. Siku chache baadaye karatasi ilikuwa na namba ya polisi, mchoro wa paka, na mtu mmoja aliyeandika, "Mungu ananijua."

"Namba haibandikwi ukutani," Bi Laini alisema. "Namba huombwa." Akavaa viatu vyake vya mpira, akamwambia mkwewe achukue kalamu.

Mkwe alidhani ni kazi ya jioni moja. Hakujua kwamba Bi Laini angetaka kukaa kila nyumba, kunywa maji, kuulizia mguu wa huyu na mtihani wa yule, ndipo afikie alilolijia. Kwa dereva, mke ndiye aliyefungua.

"Namba yake ipi, mama? Ana ya nyumbani, ana ya kazini, na ana ile anayosema imeharibika."

"Nipe unayompigia ukikasirika."

"Hiyo huipokea kabla haijalia."

"Basi ndiyo hiyohiyo. Taja."

Kwa kapera wa mlango wa pembeni mambo yalikwama kwenye mtu wa karibu. Kapera alikuna kidevu, akatazama dari. "Andikeni kinyozi wangu," alisema mwishowe.

"Kinyozi?" mkwe aliuliza.

"Nisipoonekana mwezi mzima, ni nani mwingine atakayeuliza?"

Bi Laini hakucheka. Alifumba macho. "Taja, baba."

Ghorofa ya juu kabisa aliishi fundi cherehani, mwanamke aliyehamia pale na mashine moja na begi moja. Aliwafungulia nusu ya mlango. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake. Nyuma yake, juu ya mashine, simu ilikuwa imelala kifudifudi.

"Simu sina, mama," alisema.

Mkwe akaitazama ile simu. Bi Laini naye akaitazama, kwa macho yake yaleyale mabovu.

"Basi huna," alisema.

Fundi akashusha pumzi. Pengine alikuwa amejiandaa kubishana, na sasa hakujua pa kuyaweka maneno. "Si kiburi, mama. Kuna mtu nilimkimbia. Nilikohamia kwanza alinipata kwenye orodha ya chama chetu cha mafundi. Akinipata tena, sidhani kama ataniacha nihame."

"Mwanangu," Bi Laini alimwambia mkwewe, "andika mlango. Mengine yaache wazi."

Walipokuwa wakishuka, mkwe alishindwa kuvumilia. "Na moto ukitokea, mama? Tutamwitaje?"

"Kwa miguu."

Lakini lile pengo lilimkereketa mkwe kama punje ya mchanga jichoni. Maktabani kwake kitabu kisicho na namba ya rafu ni kitabu kilichopotea, hata kama unakiona. Tena alikuwa akimfikiria fundi kupita kiasi. Ni mwanamume gani yule? Mtu hutokaje nyumbani kimyakimya akiwa amebeba cherehani? Na namba yake mkwe alikuwa nayo, kwa kuwa fundi alishampunguzia mikono ya blauzi, naye akamlipa kwa simu. Alasiri moja, akinakili orodha safi ya kuwekwa kwenye droo ya mwenyekiti, aliwaza moshi, akawaza mlango uliofungwa kwa ndani. Akaiandika namba ile kwa penseli, ndogo, bila jina. Namba tupu, alijiambia, ni kama ufunguo uliookotwa njiani: nani atajua mwenyewe ni nani?

Mwenyekiti hakuiweka orodha kwenye droo. Aliipiga picha akairusha kwenye kundi la wapangaji "ili kila mtu afaidike," na wapangaji, kama ilivyo ada yao, wakawarushia na wasiohusika.

Siku iliyofuata Bi Laini aliketi jikoni, akataka asomewe orodha nzima. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akiitikia kila namba kwa kichwa. Mkwe alipofika mlango wa fundi akasita, kisha akasoma.

Macho yakafumbuka. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Nilimlipa kwa simu, mama. Lakini jina sikuweka."

"Na wewe jina lake kamili ulilijuaje?"

Mkwe akaitazama simu yake. Alilijua siku ileile ya kulipa. Ukiandika namba, kabla pesa haijaondoka, simu hukuonyesha jina la mwenyewe, lote, usije ukakosea mtu. Aliyekuwa akimtafuta fundi hakuhitaji zaidi ya picha ile na subira: aandike namba moja baada ya nyingine kana kwamba anataka kutuma senti, mpaka jina analolitaka litokee. Na juu ya karatasi, kwa mwandiko mzuri wa karani wa maktaba, kulikuwa na jina la jengo na la mtaa.

"Nitamwambia mwenyekiti aifute."

"Mwambie. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kwanza twende juu. Utamwambia wewe, si mimi."

Fundi alisikiliza bila kuinua mguu kwenye kanyagio. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Kisha akachomoa sindano kwenye kimto, akaidunga kwenye kitundu cha ubavuni mwa simu mpaka kadi ikatoka. Akachukua mkasi wa vitambaa, ule ambao mafundi hawaruhusu uguse hata karatasi, akaikata kadi vipande viwili.

"Wateja wangu wote wako humo," alisema.

"Nisamehe," mkwe alisema. "Nilihofia moto."

"Nami huwa nauhofia." Fundi alivitazama vile vipande kiganjani. "Ila unaokuja kwa jina langu nauhofia zaidi."

"Wateja wape namba yangu," Bi Laini alisema. "Nitawaunganisha."

"Ngazi hizi utaziweza, mama?"

"Waya ninao." Akamwonyesha mkwewe kwa kidevu.

Bi Laini alizunguka jengo kwa mara ya pili. Safari hii hakukaa, wala hakunywa maji. Kila mlango aliuambia jambo moja: mtu yeyote akipiga kuulizia nani anaishi hapa au nani anashona hapa, usimjibu kitu, mpe namba yangu.

"Hata akisema ni ndugu?" kapera aliuliza.

"Hasa akisema ni ndugu."

Mkwe alikuwa na mashaka. Watu hawa hawakuwahi kuelewana hata zamu ya kufagia ngazi. Wangeweza kweli kushika neno moja? Alianza kuwachunguza walipopishana: mke wa dereva na ndoo yake, kapera na nywele zilizokatwa upya. Nani atateleza? Kila lango lilipogongwa alikuwa wa kwanza kuchungulia. Fundi alifunga begi lake akaliweka nyuma ya mlango, na kila mkwe alipopanda aliliona liko palepale, limesimama wima.

Kisha mtu yule akapiga. Alimpata kwanza mke wa dereva, halafu mtu wa ghorofa ya tatu, halafu kapera. Alikuwa akiishuka orodha: namba ya fundi haikupatikana tena, naye alitaka kujua kama bado yuko pale. Mmoja baada ya mwingine walimpa namba ya Bi Laini, na kapera akaongeza kwa hiari yake kwamba yeye ni mgeni mjini. Asubuhi moja simu ikalia jikoni.

Ilikuwa sauti nzuri, na hilo ndilo lililomshangaza mkwe, aliyesimama karibu vya kutosha kusikia. Ilisalimu kwa heshima, ikaulizia afya, ikaulizia nyumba. Kisha ikataja jina la fundi, lote. "Ni mke wangu, mama. Nyumbani wanamuulizia."

"Subiri kwenye laini, baba, nikutafutie," Bi Laini alisema. Akailaza simu mezani kando ya vitunguu, akaendelea kumenya.

Kila baada ya muda mezani palisema haloo. Mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mwishowe pakanyamaza.

"Amekata," Bi Laini alisema.

"Kwa nini hukumwambia hayupo?"

"Nikisema hayupo, atakuja kuhakikisha. Nikisema yupo, atakuja kumchukua. Anayesubiri kwenye laini yuko kwenye laini."

Yule mtu akapiga tena, na tena. Kila mara alipokewa kwa adabu ileile: jengo lina milango mingi, baba, wengine wako kazini, usikate. Mwenyekiti, kwa aibu ya ile picha, alihamishia kiti chake langoni na kumhoji kila mgeni kwa ile sauti yake, hata wauza mayai wakaanza kulikwepa lango lile. Mkwe naye akawa waya. Alipanda ngazi simu ikiwa moto mkononi, mteja akisubiri kuulizia suruali, na fundi akaongea naye pini zikiwa midomoni. Siku nyingine mazungumzo yakiisha mkwe hakushuka. Aliketi kwenye kigoda karibu na mashine, akauliza moja ya yale maswali yake mengi, na siku nyingine alijibiwa. Siku aliyokuta lile begi limefumuliwa mishono na kutandikwa mezani kama kitambaa cha kukatia nguo juu yake, hakuuliza chochote.

Kisha Bi Laini akaugua, akalazwa katika hospitali ileile aliyofanyia kazi. Ubao haukuwepo tena. Ukipiga siku hizi, sauti ya mashine hukuambia ubonyeze moja. Alitaka asimuliwe sauti hiyo ikoje, ya mwanamke au ya mwanamume, na kama inamwambia mtu asubiri. Fundi alimshonea gauni la kulalia lenye mfuko mpana kifuani, lakini simu sasa ilikaa kwenye mkoba wa mkwe. Yule mtu alikuwa amepunguza kupiga. Hakuwa ameacha.

Muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha, muuguzi alipita akigusa vitanda. Mkwe akainuka, akamfunika miguu, akauliza kama kuna chochote anachohitaji kutoka nyumbani. Bi Laini alikuwa amefumba macho.

"Akipiga yule baba," alisema, "mwambie bado natafuta."