Nilivyopiga Kinanda Kama Gari la Taka

BIBI SIOK AMEKOSA GARI LA TAKA! Bibi Siok wa ghorofa ya tatu, yule ambaye tangu mimi sijazaliwa hajawahi kulikosa, hata siku za kimbunga anatoka na koti la mvua, mfuko kaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Juzi Jumanne limepita chini ya dirisha lake, likaimba, likaondoka, na yeye kakaa tu. Sababu ni mimi. Na hajanitukana. Yaani mpaka sasa nacheka peke yangu, ndiyo maana naandika hii ndefu, mnivumilie.

Nianze mwanzo sasa, ingawa mwanzo wenyewe ni aibu tupu.

Naitwa Pin-yu, nakaa Keelung, mji wa bandari huku Taiwan, ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Kinanda nimejifundisha mwenyewe kwenye simu. Kuna programu fulani, vijiti vya rangi vinashuka kwenye kioo, wewe unabonyeza kijiti kinapogusa mstari, mwisho inakupa asilimia. Mwalimu sina, noti sijui kusoma, ila vidole vyangu vinafukuza vijiti kama kuku anavyofukuza panzi. Wimbo niliouchagua ni ule wa gari la taka. Kwetu taka hailali barabarani: gari linakuja jioni likiimba, watu wanashuka na mifuko, kila mtu anatupa mwenyewe, basi. Sasa wimbo unaousikia tangu uko kwenye nepi, utaacha kuujua?

Nikaukomalia mpaka programu ikanipa asilimia mia. Nikapiga picha ya kioo, nikawatumia darasa zima. Kisha nikafungua dirisha ili na mtaa ufaidi, nikapiga tena. Mia tena. Nikasikia watu wanaongea nje, nikajua tayari, mashabiki hao. Nikachungulia. Chini pamejaa watu na mifuko ya taka, wote wanaangalia kona, mmoja ana povu la sabuni kichwani.

Mtu mwenye akili timamu angeona aibu. Mimi niliona sifa. Nikaandika mtandaoni kwamba napiga kwa ufundi mpaka watu hawanitofautishi na mashine. Kama kuna mtu aliihifadhi ile posti, namwomba kwa heshima aifute.

Katika wale waliotoka alikuwepo Babu Hiong, mume wa Bibi Siok, na hapo ndipo utani ulipoishia.

Babu Hiong mnapaswa kumjua. Alipaka rangi meli bandarini maisha yake yote, mpaka leo kwenye kucha zake kuna wekundu usiotoka. Alikuwa mtu wa maneno. Ukimkuta kwenye ngazi asubuhi, shule unachelewa. Bibi akishuka na mfuko wao, yeye alikuwa akitushushia taka sisi wote, jengo zima, anagonga mlango kwa mlango, na ukimpa mfuko anaupima kwa mkono na kukuambia jana mlikula nini. Halafu mwaka jana akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu unaburuta, na maneno yakaondoka karibu yote. Yamebaki machache tu, anayatoa kama anayanunua. Daktari alisema asiguse ngazi peke yake, akianguka mara moja imekwisha.

Na siku ile Bibi Siok yuko jikoni, wimbo wangu ukaanza, babu akainuka mwenyewe, akachukua mfuko, akashuka. Bibi alimkuta ngazi za chini kabisa kakumbatia nguzo, anatetemeka jasho likimtoka, mfuko hajauachia.

Bibi Siok alipanda kwangu. Nilifungua mlango huku natabasamu, nilidhani kaja kunipongeza.

"We mtoto," akasema, "hicho kidude chako hakina spika za masikioni?"

Nikamwambia zipo.

"Basi ziweke masikioni, kabla sijakiweka kinanda chako pale ambapo huo wimbo unatakiwa kwenda."

Aliponieleza kuhusu nguzo, tabasamu lilikauka. Kwa hiyo nikawa napiga na spika za masikioni. Mama akasema ni siku nzuri kuliko zote tangu kinanda kiingie nyumbani.

Mngedhani yameisha hapo. Wiki haikupita, bibi akapanda tena, na safari hii hakugombana. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akawa anakunja kona ya shuka langu na kuikunjua. Babu hali, akasema. Anakaa dirishani tangu mchana, kichwa kakielekeza juu, upande wa kwangu. Akiletewa uji anafunga mdomo. Gari la kweli likipita anataka kuinuka, bibi anamzuia. Kumbe alikuwa ananisikiliza siku zote, hata zile siku nilikuwa bado nachapia.

"Mpigie," bibi akaniambia. "Ila usimpigie gari. Akisikia gari atainuka, na mimi siwezi kumkamata kila mara. Mpigie kitu akae."

Nikajibu ndiyo bibi, kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya. Wimbo mwingine sijui, kwa hiyo alipotoka nikafungua simu nikatafuta jinsi ya kuupiga huohuo kwa hisia.

Jamani, mtandao. Wakasema funga macho. Nikafunga, nikakosa vitufe. Wakasema yumbisha mwili. Nikayumba, nywele zikaingia mdomoni, Mama akapita mlangoni akaniuliza kama tumbo linaniuma. Jioni tukafungua dirisha, bibi akamshika babu mkanda wa suruali, mimi juu nikapiga polepole, maana wanasema polepole ndiyo huzuni. Babu akainuka haraka kuliko siku zote. Bibi akasema alikuwa anaonyesha barabarani na kusema, "Gari... bovu." Alitaka kushuka kulisukuma.

Kesho yake nikaongeza kutetemesha kila noti. Bibi akanipigia simu hukohuko chini kuuliza kama kuna paka amekanyaga kinanda. Nikapiga kwa nguvu kama nimeachwa na mpenzi, ingawa sijawahi kuwa naye. Babu akainuka. Nikapiga kwa sauti ya chini kabisa. Akainuka, akasema liko mbali. Yaani mimi huyo huyo niliyejisifu kwamba siwezi kutofautishwa na gari, sasa kila nikijitahidi kuwa mtu, nakuwa gari lenye hitilafu.

Nikashuka kwao kusema nimeshindwa. Bibi alikuwa anachambua majani ya viazi vitamu, hakuniangalia. Akaniuliza nikipiga huwa nafikiria nini. Nikasema ukweli: nafikiria kijiti kinachofuata.

Akacheka kwa pua. Kisha akanihadithia, huku babu kakaa palepale, macho yake kwenye mikono ya bibi.

Zamani bibi alikuwa anapanga chumba mtaa wa nyuma, babu huku. Walikutana kwenye foleni ya taka. Babu alikuwa kapera, anakula bandarini, taka hana. Lakini kila jioni alikuja na mfuko, ndani yake ganda moja la chungwa, na bibi aliliona siku ya kwanza tu akajifanya hajaliona. Mimi nikadakia, nikasema sasa naelewa, kwa hiyo gari lilipokuwa linakuja moyo ulikuwa unadunda, basi nipige kwa kudunda.

"Hapana," bibi akasema. "Likija, kila mtu anakimbia, nani ana muda na mwenzake? Gari likishaondoka, ndiyo tulikuwa tunaanza. Taka umeshatupa. Sababu ya kusimama pale huna tena. Na umesimama."

Babu akatoa sauti kooni. Bibi akaendelea na majani yake.

Siku hiyo jioni gari lilipopita nikashuka, nikatupa mfuko wetu, na sikurudi juu. Nilibaki pale kwenye manyunyu kama aliyesahau njia ya nyumbani. Miaka yote nimesikia huo wimbo unakuja, sijawahi kuusikia unaenda. Unapokwenda ni mwingine kabisa. Unapanda mlima, unakata kona, jengo linaukata kipande, unarudi kidogo, halafu zile noti mbili za mwanzo zinazobembea unazisikia nusu, unabaki unazimalizia mwenyewe kichwani. Pembeni yangu mama mmoja na jirani yake walikuwa bado wanaongea, mikono mitupu, hakuna anayetaka kuondoka kwanza. Nikawaangalia mpaka wakaniuliza kama nina tatizo.

Jumanne nikabeba kinanda mpaka ghorofa ya tatu. Nilikigonga ukutani mara mbili na kidole changu mara moja. Nikakiweka juu ya meza yao ya kulia, kati ya chupa ya mchuzi wa soya na dawa za babu. Simu niliiacha mfukoni. Mama naye akashuka, mfuko wa taka mkononi, akasimama mlangoni, maana saa ya gari ilikuwa imekaribia. Bibi akamshika babu mkanda.

Nikaanza zile noti mbili. Sikukimbilia ya tatu. Nilimfikiria kijana mwenye rangi nyekundu kwenye kucha, kasimama kwenye mvua, hana tena cha kufanya pale, na haondoki. Nikapiga gari linakata kona. Mahali jengo linapoukata wimbo, na mimi nikaukata. Mkono wa kushoto ulikosea, nikauacha ukosee, nikarudi mwanzo taratibu kama mtu anayetafuta neno la kusema ili mwenzake asiende. Mgongo wangu ulikuwa unasikiliza kiti cha babu. Nilikuwa nasubiri kile kiti kilie.

Hakikulia.

Katikati nikasikia lile la kweli, linapanda mtaani, safi, mia kwa mia, halikosei hata moja. Nikaogopa nikataka kuacha. Lakini bibi akasema kwa sauti ya chini, "Endelea," na nilipogeuka niliona ameachia mkanda. Babu alikuwa amekaa. Mkono wake mzima ulikuwa unapiga piga kiti cha pembeni, taratibu, na alikuwa anamwangalia mkewe.

"Kaa," akamwambia.

Bibi Siok akakaa. Gari likasimama chini, likaimba, watu wakatupa vyao, likaondoka. Mama hakutoka mlangoni. Sisi tukabaki na yetu yote, na mfuko wa kwao ulikuwa na vichwa vya samaki, na Jumatano gari halipiti.

Baadaye nikatoa simu nikaupiga vilevile nione programu itasemaje. Ikanipa asilimia thelathini na nane, ikanishauri nirudi somo la kwanza. Nimepiga picha ya kioo, hiyo ndiyo nitakayowatumia darasa zima.

Babu akala uji wote, akaomba tena. Bibi akanisindikiza mpaka kwenye ngazi, kanishikia ncha moja ya kinanda.

"Umekosea mno," akasema.

"Najua, bibi."

"Basi kesho ukija, kosea hivyohivyo."

Ndiyo hivyo. Kama umefika hapa, mtumie mtu mmoja na yeye asome.